Spidiwei ya daraja la pili Uingereza: unacholipia ni moramu

Mechi moja ya spidiwei, yaani mbio za pikipiki za timu mbili kwenye kiwanja cha udongo, ina michuano 15. Kila mchuano ni mizunguko minne, na mizunguko minne huisha kwa dakika moja, au sekunde chache juu ya hapo. Kiingilio cha mtu mzima, ambacho siku hizi huzunguka pauni 20, kinanunua basi robo saa ya mbio iliyokatwa vipande 15 na kutawanywa ndani ya saa mbili. Anayekwenda akitarajia mshikemshike usiokatika atarudi nyumbani akiona kaliwa pesa yake. Anayejua kutazama muda wa katikati, yaani trekta, boza la maji na mafundi waliopiga magoti kwenye zege, atapata burudani ambayo kwa bei hiyo haipatikani kwa urahisi kwenye mchezo mwingine wa injini nchini humo.

Tunazungumzia Championship, daraja la pili. Jina hilo lilianza 2017. Kabla ya hapo, 1997 hadi 2016, daraja hilohilo liliitwa Premier League, na juu yake kulikuwa na Elite League, jambo lililowachanganya sana watu wa soka. Msomaji wa Tanzania, ambaye daraja lake la pili la soka nalo linaitwa Championship, asidanganyike na jina: hapa hakuna kupanda wala kushuka daraja kwa matokeo. Klabu inachagua inakotaka kukimbia kwa kupima mfuko wake. Poole walikuwa mabingwa wa daraja la juu mwaka 2018, kisha wakateremka kwa hiari yao na kuchukua ubingwa wa Championship 2021 na 2022. Glasgow wakawapokonya mwaka 2023. Ukikuta klabu imekaa daraja la pili miaka 20, usidhani imeshindwa kupanda. Huenda imekataa.

Kwa asiyejua mchezo wenyewe: waendeshaji wanne, wawili kwa wawili, wanazunguka kinyume cha saa kwenye kiwanja cha udongo chenye umbo la yai. Wenyeji huvaa vifuniko vya kofia vyekundu na vya bluu, wageni vyeupe na vya njano. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho mikono mitupu. Kila mchuano una pointi 6 na mechi nzima ina 90, kwa hiyo 46 zinatosha kushinda. Pikipiki ina injini ya silinda moja isiyozidi cc 500, gia moja, klachi, na haina breki hata moja. Uzito wake hauruhusiwi kushuka chini ya kilo 77. Inatumia methanoli, haina betri wala kiki, inawashwa kwa kusukumwa. Mwendesha bodaboda ataitazama kwa huruma mpaka kamba za kuanzia ziruke juu.

Na hiyo harufu inayokupokea getini, ambayo wakongwe wanaivuta kama ubani, ni mafuta ya nyonyo. Injini hizi kwa miaka mingi zimelainishwa kwa mafuta ya asili hiyo kwa sababu yanavumilia joto kali. Yanapita mara moja tu ndani ya injini na kutupwa nje, hayazungushwi tena kama kwenye pikipiki ya barabarani.

Sasa tuje kwenye bidhaa yenyewe, maana hapo ndipo wageni wengi wanapotazama pasipo.

Uso wa kiwanja ni mwamba laini uliosagwa, mwekundu au wa kijivu, uliotandazwa juu ya tabaka gumu lililoshindiliwa. Aliyekulia kando ya barabara ya moramu hahitaji mwalimu. Ikikauka inatimka vumbi. Ikilowa kupita kiasi inageuka utelezi na kuchimbika mifereji. Magari yakipita sana katikati, changarawe inasukumwa pembeni na katikati panabaki pagumu na pekundu kama sakafu. Hayo yote hutokea kwenye spidiwei ndani ya saa mbili badala ya msimu mzima wa mvua, kwa sababu tairi la nyuma halizunguki tu, linachimba.

Michuano mitatu au minne ya mwanzo, udongo bado umetanda sawasawa na njia fupi ya ndani ndiyo yenye faida. Kila mchuano unapopita, mchanga mzito unasogea nje kuelekea uzio. Kufikia mchuano wa 7 au wa 8 kona ya ndani imeng'aa, tairi halipati pa kung'ata, na anayepita nje kwenye udongo mzito anapata msukumo. Yuko mbali zaidi, lakini anatoka kwenye kona akiwa na kasi, na kwenye mnyoosho anampita aliyejificha ndani. Hapo ndipo mbio zinapozaliwa. Kiwanja kilichoandaliwa vizuri kinakupa njia mbili. Kilichoandaliwa vibaya kinakupa moja, na aliyetoka mbele kwenye kamba anafika mbele, mara 15 mfululizo. Ukiona michuano minne ya kwanza imepita bila mtu kumpita mwenzake baada ya kona ya pili, na trekta limetoka kukwangua kona ya ndani tu bila kurudisha udongo kutoka kwenye uzio, nenda kanunue chai. Usiku huo umeshaamuliwa.

Kwa kawaida trekta huingia baada ya kila michuano minne hivi. Tazama mambo mawili. Kwanza, linavuta udongo kutoka wapi kwenda wapi: kazi nzuri huanzia kwenye uzio na kuurudisha udongo ndani kwa duara pana, hasa kwenye kona. Pili, boza linamwaga maji kiasi gani na wapi. Maji mengi kwenye eneo la kuanzia ni kosa kubwa, kwani magurudumu yatazunguka papo hapo na anayeanzia lango (nafasi yake kwenye mstari wa kuanzia) lenye dimbwi atabaki akiwatazama wenzake migongo. Maji machache siku ya jua kali yanamaanisha kwamba baada ya mzunguko wa kwanza, mwendeshaji wa tatu na wa nne hawaoni kitu, na wewe jukwaani unakula vumbi pamoja na chipsi zako. Maji ya kutosha ni yale yanayofanya udongo uruke kwa mabonge badala ya moshi.

Mafundi nao wanausoma udongo huohuo. Silaha yao kubwa ni sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni. Udongo mzito unadai meno mengi zaidi ili injini isizame inapotoka kwenye kona. Uso mgumu na mkavu unadai meno machache, la sivyo tairi linapiga msele tu bila kusonga. Mgeni aliyefunga meno ya udongo mzito kwenye kiwanja kilichokauka utamtambua kwa sikio: injini inapiga kelele ya juu mapema mno na pikipiki haiendi popote. Baada ya mchuano wake wa kwanza tazama eneo la mafundi. Cheni ikivuliwa upesi, wamekiri kosa. Wasipogusa kitu na bado akashika mkia, tatizo limekalia kiti. Tairi la nyuma nalo lina upande mmoja unaokula udongo, wa kushoto, basi baada ya kuisha makali hugeuzwa ili upande wa pili utumike. Timu yenye pesa haigeuzi, inatupa.

Mwanzo wa mbio una ufundi wake ambao runinga huumeza. Waendeshaji wana dakika mbili za kufika kwenye kamba, na ndani ya muda huo utawaona wanapigapiga udongo kwa buti kama mkulima anayetengeneza tuta. Wanatafuta sehemu ngumu ya kuegemeza tairi au kufukia shimo lililoachwa na aliyetangulia. Mwamuzi anawasha taa ya kijani, wanatulia, injini zinapanda, klachi iko nusu, kamba zinaruka. Anayegusa kamba kabla haijaruka hutolewa kwenye nafasi yake: timu inaweza kuweka mwendeshaji wa akiba, au yeye mwenyewe aanzie mita 15 nyuma. Mbio zikisimamishwa kwa mtu kuanguka, aliyesababisha huondolewa na waliobaki huanza upya, isipokuwa mwamuzi akiona ni msongamano wa kona ya kwanza tu usio na mkosaji. Hapo wote wanne wanarudi, na ndipo utakaposikia kelele za jukwaa zima, maana kila mmoja ameona mkosaji wake.

Programu ya mechi ni kijitabu cha karatasi, na inunue hata kama ni ghali kwa kurasa zake. Bila hiyo hujui nani yuko mchuano gani. Peleka kalamu yako, ya wino usiotoka kwa maji, maana utaandika kwenye manyunyu. Andika nafasi, pointi, na kinyota kwa bonasi. Bonasi anapewa anayemaliza nyuma tu ya mwenzake wa timu huku amemwacha walau mpinzani mmoja: wa pili nyuma ya mwenzake aliye wa kwanza, au wa tatu nyuma ya mwenzake aliye wa pili. Haiongezi kitu kwenye matokeo ya mechi. Inaingia kwenye wastani wa mwendeshaji, na kwenye mfuko wake.

Wastani huo ndio siri ya ligi nzima. Unachukua pointi pamoja na bonasi, unagawa kwa idadi ya mbio alizokimbia, unazidisha kwa 4. Aliyepata pointi 8 na bonasi 2 katika mbio 5 ana wastani wa 8.00. Kabla ya msimu kuanza, jumla ya wastani wa waendeshaji saba wa timu hairuhusiwi kupita kikomo kilichowekwa. Ndiyo maana timu yenye nyota wawili itakuwa na vijana wawili wa akiba, nambari 6 na 7, ambao hata kona wanazisalimia kwa hofu. Usiwadharau: mchuano wa 2 ni wa akiba kwa akiba, na mechi nyingi za daraja hili hupotea pale, si kwenye mchuano wa 15 wa nyota walioteuliwa. Mwenye akiba aliyepewa wastani mdogo kuliko uwezo wake amepata dhahabu kwa bei ya shaba.

Kikomo hicho kina upande wa pili usiopendeza. Timu ikishinda sana, wastani wa watu wake hupanda, na mwaka unaofuata hesabu haiwaruhusu wote saba kurudi. Kikosi unachokipenda mwezi wa nane kina uhai wa miezi miwili. Shabiki wa soka atalichukia jambo hili, na ana haki.

Kuna jambo baya zaidi: mwendeshaji wa kuazima. Mtu akiumia, au akiwa na mbio nchi nyingine usiku huo, timu huruhusiwa kuazima mwendeshaji wa klabu nyingine ya ligi hiyohiyo mwenye wastani usiozidi wa anayekosekana, au kuzigawa mbio zake kwa wenzake. Wengi pia wanakimbia madaraja yote mawili kwa wakati mmoja, klabu moja juu na nyingine chini, na ratiba zikigongana daraja la pili ndilo linalolipa. Matokeo yake ni kwamba unaweza kumzomea mtu Jumatano na kumshangilia Ijumaa akiwa amevaa kizibao cha timu yako. Kanuni hii inaokoa mechi zisiahirishwe, hilo hatubishi. Lakini ukikuta kikosi cha wageni kina watu wawili wa kuazima na pengo moja, ulichonunua si mechi ya ligi, ni maonyesho. Angalia vikosi siku moja kabla ndipo ukate tiketi.

Mvua ni hasara ya pili. Mchezo unaendeshwa Machi hadi Oktoba, na Machi ya Uskoti haina huruma. Manyunyu yaliyoanza saa mbili kabla yanaweza kuua mechi hata kama saa ya kuanza mbingu ni safi, kwa sababu tabaka la chini limeshajaa maji na trekta likiingia linalichana. Soma masharti nyuma ya tiketi: mechi ikivunjika, viwanja vingi vinakupa kuingia bure siku nyingine badala ya kurudisha pesa, na ikiwa imeshakimbiwa michuano ya kutosha matokeo yanasimama na tiketi yako imekufa. Kwa msafiri wa mbali hicho ni kitanzi.

Halafu kuna kusubiri. Gari la wagonjwa likimpeleka mtu hospitali na hakuna jingine la kushika nafasi, hakuna mbio mpaka lirudi. Hilo si la kulalamikia: watu hawa wanaingia kona bila breki, usukani umegeuzwa kulia ilhali wanakwenda kushoto, mguu wa kushoto wenye soli ya chuma ukiburuzwa chini. Uzio wa hewa kwenye kona umepunguza majeraha, lakini ukipasuka unachukua muda kujazwa upya. Viwanja vilivyo karibu na makazi vina saa ya mwisho ya kelele, na ajali mbili kubwa zinaweza kuila michuano ya mwisho.

Kiwanja kipi kwanza? Armadale, wanapokimbilia Edinburgh Monarchs tangu 1997, kina takriban mita 260, kona zake zimebana na makosa yanaadhibiwa papo hapo. Kizuri kwa kujifunza, kwa sababu wote wanne wako mbele ya macho yako muda wote. Monarchs wenyewe wana kisa cha kumgusa Mswahili: walitolewa Old Meadowbank baada ya msimu wa 1967 ili pajengwe uwanja wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1970, ileile ambayo Kipchoge Keino alitwaa dhahabu ya mita 1500. Berwick, kwenye Shielfield Park, ni kinyume chake: kirefu, kipana, kasi kubwa, na anayejua kupanda nje anaweza kutoka wa nne hadi wa kwanza. Mji uko England lakini timu yake ya soka, inayotumia uwanja huohuo, inacheza kwenye mfumo wa Uskoti. Poole, takriban mita 300, kiko katikati ya mji na karibu na kituo cha treni, hivyo kinamfaa asiye na gari. Oxford kilifufuka 2022 baada ya spidiwei kulala hapo tangu 2007, na kwa anayetoka London kwa treni kilikuwa rahisi kuliko vya kaskazini.

Kuhusu tiketi ya msimu mzima, tungesita. Mwaka 2023 ligi ilikuwa na klabu tisa. Kila moja ikipokea nyingine mara moja, hizo ni mechi nane za nyumbani za ligi, na zilizobaki ni za vikombe na mtoano wa mwisho ambao timu yako huenda isiufikie. Hesabu ya punguzo huwa ndogo. Hatari si ndogo. Workington walitwaa mataji matatu mwaka 2018, ligi, kombe la mtoano na ngao, kikosini wakiwa na Dan Bewley aliyekuja kushinda raundi mbili za Grand Prix, mbio za ubingwa wa dunia, mwaka 2022. Msimu wa 2019 hawakuingia kiwanjani. Newcastle walijitoa katikati ya msimu wa 2022. Tiketi ya msimu ni mkopo unaoipa klabu, na riba yake ni chai ya bure. Kama klabu ni yako na unataka iishi, toa. Kama unatafuta thamani, lipa mlangoni.

Ukifika, usikae jukwaa la kuanzia usiku kucha. Viwanja vya daraja hili vingi vinakuruhusu kuzunguka. Michuano minne ya kwanza simama karibu na kamba ujue nani anatoka vizuri na lango lipi lina udongo. Baada ya trekta kupita mara ya pili, hamia mwisho wa kona ya pili, upande ambao upepo unatoka mgongoni kwako, si usoni. Hapo utamwona anayeamua kwenda nje kabla hajampita mtu. Vaa koti la zamani na miwani ya aina yoyote, funika chakula, na mtoto mzibe masikio kwa vizibo vya kweli, si pamba. Mabonge ya udongo yatafika mstari wa tatu. Yasipofika kabisa, mtu wa boza hakufanya kazi yake.